Nzi Iliyofungwa kwa Uzi Mweupe

Baba yangu,

Najua barua hii hutaisoma. Hata ulipokuwa hai, barua zenye herufi kama hizi uliniletea mimi nikusomee, nawe ukakaa umefumba macho kama mtu anayesikiliza mvua. Ulisoma herufi za msahafuni tu. Kwa hiyo naandika, na nikimaliza nitaisoma kwa sauti hapa barazani, kabla wateja hawajaanza kuja. Sauti yangu unaijua ilivyo ndogo. Uinamishe kichwa kidogo, kama ulivyozoea.

Arobaini yako imepita siku tisa. Watu walisoma, walikula, walikunja mikeka, wakaenda. Shule nimeiacha. Mama hakuniambia niache, ila asubuhi moja alitoa cherehani nje, akaipangusa, akaweka kiti, akaingia jikoni. Nikakaa. Sasa napunguza suruali, nabadilisha kola, natia vifungo. Wanawake wakija hunishika bega: "Lia, mutoto, kulia inasaidia." Naitikia ndiyo, halafu naendelea kusukuma pedali. Silii. Ndani pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Najua kuwa ni wangu, lakini nikiugusa ni kama nagusa wa mtu mwingine.

Lipo jambo nililokuficha. Nimekaa nalo zaidi ya mwaka. Acha nianzie pale lilipoanzia.

Unakumbuka siku Bwana wa kahawa, yule Mzungu mwenye shamba, aliposimamisha gari mbele ya baraza letu? Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimechuchumaa nyuma ya mlango nikiokota pini. Tulidhani ameleta koti. Akafungua kiganja, na ndani yake kulikuwa na ndoana nene ndefu kama kidole chako cha kati, imevalishwa manyoya yaliyonyonyoka nusu. Akasema ni *mouche*, yaani nzi. Kila mwaka huenda pwani Mombasa, hupanda mashine, ndivyo anavyoiita boti, hadi mbali majini, hurusha nzi hiyo kwa fimbo na kamba, na samaki mkubwa wa baharini huifuata akidhani ni kisamaki.

"Tailleur, we unaweza kufanya kama hii?" Alikuita hivyo, yaani fundi wa nguo.

Uliigeuza juani. Ukanusa. "Imeshonwa na mutu?"

"Ndiyo, Ulaya."

"Kama mutu alishona, mi nitafumua, nitaona njia yake. Uniachie mpaka Ijumaa."

Mama Veronika, yule muuza samaki, alikuwa amepita kutoka ziwani na karai lake kichwani. Alisimama kusikiliza kama kawaida yake. Bwana alipoondoka akacheka mpaka maji ya samaki yakammwagikia shingoni.

"Fundi! Mi nauza samaki tangu sijaolewa, sijaona samaki anakula manyoya!"

"Hao ya kwako ni masikini, Mama Veronika. Samaki ya bahari anakula na kuvaa."

"Basi umupelekee na kanzu!"

"Alete tu kipimo."

Nilicheka nyuma ya mlango, na ulinisikia. Ulisema, "Kumbe na wewe uko na sauti." Kisha ukaniita nije nishike uzi.

Ndivyo nilivyojifunza. Uliifumua nzi ya Ulaya kama ulivyofumua koti la mtu mkubwa ulitengeneze upya, mzunguko baada ya mzunguko, na kila kipande ukakilaza juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio kilivyotoka. Tukaitazama kama mifupa. Hatukuwa na kibanio cha kushikia ndoana, ukateremsha mguu wa cherehani ukaibana hapo, na ikakaa imara kuliko mkononi. Manyoya ulichukua ya majogoo weupe wa majirani. Kwa tumbo la kisamaki ulitumia zari iliyobaki kwenye joho la bwana harusi. Singa ndefu nyeupe za mkia wa ng'ombe ulizifuata mwenyewe kwa miguu hadi Kanzenze, ukarudi jioni na matope magotini na usinga mzima begani.

"Angalia dunia hii," ulimwambia Mama. "Kitu ya kufukuza nzi, leo inazaa nzi."

"Angalia magoti yako," Mama akajibu.

Kazi yenyewe uliifanya kishonaji, maana hukujua njia nyingine. Kama vile nguo haipiti cherehani kabla ya kupigwa bandi, ile mishono ya muda, nzi nayo uliipiga bandi. Kwanza uliishika kwa mizunguko michache ya uzi mweupe, bila nta, ili tu manyoya yakae. Tukaitia kwenye beseni la maji, nikaivuta polepole, wewe ukachungulia: inaogelea au inalala? Ikilala, tukaifungua. Ikiogelea, ndipo ulipochukua uzi mweusi uliopakwa nta ukaikaza mara nyingi, ukaufunga, ukauchomoa ule mweupe. Mwisho ulipaka kichwa chake vanishi nyeusi ya kichupa alichotuachia Bwana. Vanishi ikikauka, uliitundika ndoana kwenye msumari wa nguzo, ukafunga manyoya kwa utepe, na kwenye utepe ukatundika pasi ya makaa, ile nzito ya chuma. Kama manyoya hayakuteleza mpaka nihesabu mia, nzi imeiva.

"Uzi mweupe ni kuuliza," ulikuwa unasema. "Mweusi ni kujibu."

Siku ile ya beseni sitaisahau. Ulisimama ghafla ukasema haya si maji yake. Bahari ina chumvi. Ukaingia jikoni ukatoka na konzi ya chumvi, ukaikoroga, ukaonja kwa kidole, ukaongeza nyingine. Mama akapiga kelele, "Baba Zaina! Chumvi ya mboga!" Ulichota maji kwa kiganja, ukayashika mdomoni muda, ukayameza.

"Uonje, mama," ukaniambia. Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako. "Hii ndiyo kwetu."

Nikaonja. Ilikuwa chumvi tu, lakini sikusema.

Babu yako alitoka huko na misafara, akifuata pembe na biashara, akaoa njiani, na hakurudi. Ulizaliwa huku, mimi nimezaliwa huku, na bahari tuliijua kama watu wanavyolijua kaburi la jamaa wasiyemwona. Watu wa mtaani walituita wapwani. Wewe uliwahi kwenda mbali gani? Bukavu, kwa meli, mara moja. Ulipofunga nzi ya kwanza ukaiweka katika bati la sigara, ulisema kwa mzaha, "Inatangulia kwetu. Isalimie watu." Nilikuona lakini. Hukuwa unatania sana.

Mwaka wa kwanza Bwana alichukua nne, akarudi amebabuka pua anacheka. Mwaka wa pili alichukua nane, akakuletea picha: yeye, na samaki mrefu kuliko kitanda, pua kama mkuki, na pezi la mgongoni limetandazwa kama kanga iliyoanikwa. Huko wanamwita sulisuli, alisema. Ulimwuliza alichovaa sulisuli mdomoni. Akasema, "Ya kwako." Picha ile ukaibandika ukutani juu ya cherehani.

Mwaka wa tatu aliagiza kumi na mbili, kubwa, na akasema lile neno. Alilisema akiwa amekaa ndani ya gari, mkono nje.

"Hizi zikikaa vizuri, mwaka ujao tunaenda pamoja. We utafunga kule kule, ndani ya mashine."

"Baharini?"

"Sasa wapi? Baharini."

Ulirudi ukakaa, ukatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Sasa ni zamu yangu.

Bwana alisema atapita kuzichukua siku moja kabla ya Idi. Unajua siku hiyo inavyokuwa kwa fundi. Baraza lilijaa. Kanzu za wanaume wa mtaa mzima, watoto wanalilia mikono iliyopungua, Mwalimu wa chuoni anauliza ya kwake kila baada ya dakika tano, na wewe umefunga saumu, midomo mikavu, miguu haiachi pedali. Nzi kumi na moja zilikuwa tayari ndani ya bati. Ya kumi na mbili, ile kubwa kuliko zote, ulinipa mimi. Siku ile cherehani ilikuwa na kanzu, kwa hiyo niliifunga mkononi, nimebana ndoana katikati ya magoti na kitambaa.

Niliipiga bandi. Nikaitia kwenye beseni, ikaogelea. Nikaichomoa, nikaiweka dirishani ikauke ili nikazie mweusi. Hapo Mama akaniita nichambue mchele. Nilikwenda. Niliporudi nilikuta singa zimekauka zimejipanga vizuri, uzi mweupe hauonekani ndani ya singa nyeupe, nayo imekaa kama iliyokamilika. Mtu mmoja anataka kofia yake, mwingine ananikanyaga. Nikachukua kichupa nikapaka vanishi. Kwenye pasi haikwenda, maana pasi ilikuwa na makaa, inanyoosha kanzu, na usingeiachia hata kwa kuhesabu kumi.

Honi ikalia. Bwana hakushuka. Ukaniashiria kwa kidevu, nikatia ile ya kumi na mbili ndani ya bati, nikampelekea, nikarudi bila kuinua macho. Akaanza kuzungumza na mwenye duka jirani, injini inanguruma.

Niliporudi penye dirisha niliona kigurudumu cha uzi mweusi. Kilikuwa kimejaa. Hakikuwa kimeguswa tangu asubuhi.

Baba, gari lilikuwa bado limesimama. Nataka ulijue hilo kuliko yote. Nilisimama nimeshika kile kigurudumu, gari liko hatua kumi, na nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ngoja. Ngoja, Bwana. Baraza lilikuwa limejaa wanaume, na yule alikuwa Mzungu, na nilikuwa sijawahi kuinua sauti mbele ya watu hata kumwita mbuzi. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikajiambia huenda nilikaza, nimesahau tu. Gari likaondoka kuelekea Rugerero, vumbi likatua juu ya kanzu nyeupe, na wewe ukalalamikia vumbi.

Nilipata usiku na siku ya Idi nzima kukuambia. Ulifurahi sana siku ile. Ulivaa kanzu yako, ukamwambia kila mtu uliyempa mkono kwamba mwaka ujao Idi itakukuta karibu na bahari. Nilisimama nyuma yako nimeshika sahani ya halua.

Alirudi baada ya majuma sita. Alishuka garini safari hii. Alitupa ndoana juu ya meza ya cherehani, na ndoana ikazunguka juu ya mbao ikasimama. Ilikuwa uchi. Kichwani tu palibaki kidonge cha vanishi iliyopasuka.

"Siku ya mwisho," alisema. "Siku ya mwisho, tailleur! Iko kubwa kuliko ile ya picha. Inakuja nyuma ya mashine, inapiga nzi na pua yake, pah! Manyoya yote inaenda. Inarudia mara ya pili, inakuta chuma. Chuma tupu! Inaniangalia, inaenda zake."

Watu walikuwa wanapita. Walisimama.

"Kumi na moja ilikuwa kazi. Hii ni nini, hii? Mwaka ujao nitaagiza za Ulaya."

Uliichukua. Ukachomoa ile sindano uliyoiweka siku zote kwenye kola, ukachokoa kidonge cha vanishi. Nilikuwa nimesimama pale pale ninapokaa sasa. Niliona uzi mweupe ukichungulia kwenye ncha ya sindano, na niliona umeuona. Mkono wako ulisita. Hukunitazama. Nimekumbuka mara nyingi jinsi ambavyo hukunitazama. Ilikuwa kazi, kutogeuza shingo namna ile.

Ukasema, "Mukono ni ya kwangu, Bwana. Unisamehe."

Ndoana ukaitia mfuko wa shati.

Jioni ile nilingoja uniite. Ulikula viazi na maharage. Ukaniuliza, "Chai iko?" Nikakuletea. Ukanywa. Kesho yake picha ya sulisuli haikuwepo ukutani, na hakuna aliyeuliza. Mama Veronika alipita akaanza, "Fundi, vipi bahari yako—" akaona uso wako, akasema, "Leo kuna samaki wazuri," akakuachia wawili bila kuombwa.

Mwaka ukapita hivyo, Idi nyingine ikapita. Hukunipandishia sauti hata mara moja. Uliendelea kuniita mama. Mvua zilipoanza ukaanza kukohoa, na kila asubuhi nikasema leo nitamwambia. Siku ya mwisho ulikuwa unaongea taratibu kuhusu nguo ambazo hazijachukuliwa, za nani ni zipi. Nilisikiliza nikakariri. Nilikuwa nakariri nguo, Baba, nawe unaondoka.

Baada ya arobaini Mama aliniambia nitafute sindano kwenye droo ya cherehani. Chini kabisa nilikuta kipande cha kitambaa cha kanzu, kimekunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na ile ndoana, umeipaka nta isishike kutu, na uzi mweupe bado umezunguka shingo yake. Hukuufumua. Wewe uliyefumua kila kitu kilichokosewa, huu uliuacha.

Nilikaa nao mapajani. Nilidhani sasa nitalia. Nikangoja. Mteja akaja anataka zipu.

Alhamisi ya juma lililopita gari la Bwana likasimama. Sikuwa nimeliona tangu siku ile. Alichungulia barazani.

"Tailleur iko wapi?"

Mama alitoka akipangusa mikono. "Alikufa, Bwana."

Akavua kofia. Alisema pole, na akasema ulikuwa na mikono mizuri. Akatazama ukuta pale palipokuwa na picha, nadhani hata hakujua anatazama nini. Kisha akavaa kofia, akaingia garini, akawasha.

Nilisikia injini ile ile, Baba, ikinguruma vile vile. Sijui nikueleze vipi. Sikupata ujasiri, sikuwa na kitu chochote, hata woga. Miguu ilisimama yenyewe. Nikashuka ngazi nikaenda barabarani, mbele ya watu, na nikasema.

"Ngoja, Bwana."

Mama anasema nilipiga kelele. Anasema hata mwenye duka alitoka.

Bwana akatoa kichwa. Nikamwambia ile nzi iliyofumuka niliifunga mimi. Nikamwambia Baba hakuigusa, niliipiga bandi nikasahau kuikaza, na nilijua kabla gari halijaondoka. Nikamwambia kumi na moja zilikuwa za mkono wako, na zote zilikaa.

Akasema, "Nzi ipi?"

Nikamtolea ile ndoana. Aliishika, akaikumbuka polepole, kama mtu anayekumbuka jina.

"Ah. Ile." Akanirudishia. "Mi nilishasahau, mutoto. Samaki inaenda, inarudi nyingine." Halafu akasema za Ulaya hazidumu, manyoya yake ni mafupi, na je, mimi najua kufunga?

Nikasema najua. Akataka sita, atapita Jumatano.

Alikuwa amesahau. Wewe ulikunja kitambaa mara nne, mimi nilibeba mwaka na zaidi, na yeye alikuwa amesahau. Nilirudi nikakaa. Mama aliniwekea chai karibu na mguu wa cherehani, akasimama nyuma yangu kidogo, kisha akasema, "Baba yako alijua. Aliniambia siku ile ile. Alisema, huyu ataniambia mwenyewe, tumungoje."

Basi ulikuwa unangoja. Kila ulipouliza kama chai iko.

Nimefunga saba. Sita ni za Bwana. Ya saba nimeifunga juu ya ndoana yako. Nilikwenda Kanzenze kwa miguu kuchukua singa, na matope nimerudi nayo kama wewe. Nilibana ndoana kwa mguu wa cherehani. Nilitia chumvi kwenye beseni, Mama aliona, akanyamaza. Ikaogelea. Nikachukua mweusi nikaikaza, nikaufunga, nikauchomoa mweupe. Uzi huo mweupe ninao, nimeufungia kwenye kile kitambaa.

Jana Bwana alipokuja nilimwonyesha ya saba. Nilimwambia hii hainunuliwi, ila akifika majini aitangulize kabla ya zote, hata kama hakuna samaki. Akaichomeka kwenye kofia yake, mbali na zile nyingine, akaondoka nayo.

Kabla hajaja niliitundika kwenye msumari wako, na pasi ikining'inia chini yake. Nilihesabu mia. Sikuishusha. Nilishona suruali mbili na mkono wa gauni, na kila nilipoinua macho pasi ilikuwa pale pale, haijashuka hata upana wa unywele. Muadhini alipoanza, bado.

Imetangulia kwetu, Baba. Chai iko.

Mimi mama yako mdogo, mshika uzi wako,
Zaina